Jinsi ya Kuandika Hadithi Fupi ya Distopia Inayomganda Msomaji: Mwongozo Kamili

Tarehe 26 Juni 1948, jarida la The New Yorker la Marekani lilichapisha hadithi fupi ya Shirley Jackson iitwayo The Lottery (Bahati Nasibu). Asubuhi ya jua, wanakijiji wanakusanyika uwanjani. Watoto wanaokota mawe. Wanaume wanaongea habari za kilimo, mvua, matrekta na kodi. Kisha wakuu wa familia wanaitwa mmoja mmoja kuchomoa karatasi kwenye sanduku jeusi, na shughuli inapokwisha, yale mawe yanapata kazi yake. Katika miezi ile ya kiangazi Jackson alipokea barua zaidi ya 300. Wengi walikuwa wamechanganyikiwa, wengine walimtukana waziwazi. Lakini walikuwepo pia walioandika kwa dhati kabisa kuuliza bahati nasibu hiyo huchezwa wapi, na kama mgeni anaruhusiwa kwenda kutazama.

Hao wa mwisho ndio wa kuwafikiria sana. Waliamini kwa sababu hadithi ilisimuliwa kama jambo la kila mwaka, linalofanywa na watu wenye haraka ya kuwahi chakula cha mchana. Hapakuwa na zimwi wala dikteta anayefoka jukwaani. Kinachovuta katika hadithi za namna hii, yaani za distopia, zinazobuni jamii iliyoharibika, ni utulivu wa watu wanaoishi ndani yake. Giza peke yake halimshiki msomaji. Kinachomshika ni kuona watu wa kawaida, wenye adabu zao na vichekesho vyao, wakiendelea na siku yao katikati ya jambo lisilovumilika.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika hadithi kama hiyo kwa Kiswahili, kuanzia wazo hadi rasimu ya mwisho. Nimebuni mfano mmoja kwa ajili ya kazi hii, nao tutaujenga pamoja hatua kwa hatua.

Kwanza, kwa nini watu wanazipenda

Msomaji wa distopia hatafuti huzuni. Tayari ana wasiwasi usio na umbo: kwamba anatazamwa, kwamba maisha yake yanaamuliwa na watu asiowajua, kwamba amezoea jambo ambalo hakupaswa kulizoea. Hadithi inaupa wasiwasi huo umbo. Hofu ikishakuwa na anwani, ratiba na mtu wa zamu, unaweza kuitazama usoni, na kuna nafuu kubwa katika kuitazama.

Halafu kuna raha ya fumbo. Msomaji anatupwa mahali asipopajua, anapapasa, anakuta dokezo hapa na neno geni pale, na taratibu anajichorea ramani mwenyewe. Alichokigundua kwa jasho lake anakiamini kuliko alichoambiwa. Ndiyo maana mwandishi anayeeleza kila kitu katika ukurasa wa kwanza anamnyang'anya msomaji nusu ya starehe yake.

Ufupi nao una nguvu yake. Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi yafaa isomwe kwa kikao kimoja, na kila neno lilenge athari moja iliyokusudiwa tangu mwanzo. Kwa distopia ushauri huo una faida ya pekee. Riwaya ina deni la kueleza utawala uliingiaje, nani aliupinga, na mwisho wake ukawaje. Hadithi fupi haina deni hilo. Inamwingiza msomaji katika dunia ambayo imeshaharibika, inamwonyesha siku moja au mbili, kisha inamtoa kabla hajapewa maelezo. Maelezo hutuliza. Asipoyapata, ataendelea kuyatafuta akiwa njiani, akiwa kazini, akiwa amelala.

Hatua ya 1: Soma kama fundi

Chagua hadithi tatu za aina hii na uzisome mara mbili kila moja. Mara ya kwanza soma kwa raha yako. Mara ya pili shika penseli na uweke alama mahali patatu: pale ulipogundua kwamba dunia hii si ya kawaida, pale ulipoielewa sheria yake, na pale ulipoikubali. Alama ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani. Itakuonyesha sentensi ambayo mwandishi aliitumia kukuvusha mpaka bila wewe kujua.

Kwa Kiswahili, soma pia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Hizo ni riwaya, lakini zinathibitisha kwamba lugha yetu inabeba ndoto mbaya kwa sauti yake yenyewe. Anayeandika distopia kwa Kiswahili huku masikioni akisikia filamu za kigeni tu ataandika tafsiri, hata kama hakutafsiri neno lolote.

Hatua ya 2: Tafuta jambo unalolitii bila kuuliza

Wanaoanza wengi huanzia juu kabisa: vita vya nyuklia, roboti zimetwaa dunia, serikali moja ya sayari nzima. Mawazo hayo ni makubwa mno, na msomaji ameshayazoea. Anza chini, kwenye jambo dogo lililokukera au kukutia wasiwasi wiki hii.

Ray Bradbury alisimulia mara nyingi kwamba The Pedestrian, aliyoichapisha mwaka 1951, ilitokana na kusimamishwa na polisi akiwa anatembea usiku na rafiki yake. Hawakuwa na kosa. Walikuwa wanatembea tu. Kutokana na kero hiyo akajenga mji wa mwaka 2053 ambako mtu anayetembea peke yake usiku ni mtu wa kutiliwa shaka. Octavia Butler alishuhudia watu wakipigana ndani ya basi, na kutoka hapo ikazaliwa Speech Sounds ya mwaka 1983, ambamo ugonjwa umewapokonya watu uwezo wa kusema au kusoma. E. M. Forster, katika The Machine Stops ya mwaka 1909, aliwaweka watu chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakionana na kuzungumza kupitia mtambo. Hapakuwa na televisheni wakati huo. Alichofanya ni kuchukua tabia aliyoiona ikichipuka na kuikuza hadi mwisho wake.

Fanya hivi. Kwa wiki moja andika kila jambo ulilolitii bila kuuliza kwa nini: fomu uliyojaza, foleni uliyosimama, kitufe cha "nakubali" ulichobonyeza bila kusoma, swali la mlinzi getini ulilolijibu. Mwisho wa wiki, chagua moja linalokuwasha zaidi na ujiulize: ingekuwaje kama jambo hili lingekuwa sheria kwa kila mtu, kila siku, bila msamaha?

Mfano wetu unatoka kwenye jambo linalojulikana na kila mtu: kukaa ndani ukisubiri mtu mwingine aje akufungulie. Ukilikuza hadi mwisho, unapata mji ambao milango yote ina vitasa upande wa nje tu.

Hatua ya 3: Sheria moja, kisha uichimbe

Andika sheria ya dunia yako kwa sentensi moja. Mtoto wa miaka kumi aweze kuisikia mara moja na kuirudia. Ukijikuta umeandika "na pia", una hadithi mbili; ifute moja. Dunia yenye vitasa vya nje tu, na magari yanayopaa, na jua lililozimika, haimtishi mtu, kwa sababu mahali ambapo lolote laweza kutokea hakuna kinachoogofya.

Sasa kaa na sheria hiyo na uihoji kama wakili. Hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, nami nakushauri uipe siku kadhaa kabla ya kuandika aya ya kwanza. Mfano wetu unauliza hivi.

Nani anamfungulia mtu wa kwanza? Lazima kila mtaa uwe na mtu wa kupita alfajiri. Tumwite Mfunguzi. Naye Mfunguzi anafunguliwa na nani? Na Mfunguzi wa mtaa wa jirani. Basi kuna mnyororo mrefu wa watu, na mahali fulani kuna mmoja analala nje ili mnyororo uanze. Je, madirisha? Yapo, ila upana wake ni wa kiganja. Mtu akivunja mlango wake? Hapewi mwingine, asiye na mlango hana namba, na asiye na namba hapati mgao. Ugomvi je? Hapo ndipo nilipoona kwamba mfano huu una uhai: watu wa mji huu hugombana asubuhi tu, baada ya kufunguliwa. Jioni kila mtu ni mpole. Hakuna anayethubutu kulala akiwa amemuudhi mtu wa upande wa nje.

Sijawahi kusema kwamba watu wa mji huo wana hofu, na hofu imeshaonekana. Matokeo ya sheria yakiwa ya kweli, hisia zinakuja zenyewe.

Usiishie kwenye mabaya. Ipe dunia yako faida ya kweli. Kwenye mji wa vitasa vya nje wizi wa usiku hakuna. Hakuna mzee anayefia ndani peke yake siku tatu bila mtu kujua, kwa sababu kila asubuhi kuna anayekuja mlangoni. Watoto hawapotei. Mtu akiulizwa kama anataka kurudi zamani, ana majibu mazuri ya kukataa, na majibu hayo ni ya kweli. Distopia isiyo na faida yoyote ni uongo: hakuna mfumo mbaya uliodumu bila kuwapa baadhi ya watu kitu wanachokitaka. Ukiipuuza nukta hii, hadithi yako itakuwa malalamiko.

Hatua ya 4: Chagua macho

Una watu watatu wa kuchagua: anayeumizwa na sheria, anayefaidika nayo, na anayeitumikia. Wengi humkimbilia mwasi, kijana jasiri anayegundua ukweli na kuamsha wenzake. Mwasi anahitaji riwaya. Kwenye maneno 2500 hana nafasi ya kuamka, kupanga, kupigana na kushindwa. Atafanya yote hayo kwa haraka na hakuna litakaloaminika.

Mimi humpendelea mtumishi mdogo wa mfumo, mwenye mamlaka kidogo na maelezo mazuri ya kila anachofanya. Franz Kafka aliliona hili mapema. In the Penal Colony, aliyoiandika mwaka 1914 na ikachapishwa 1919, ina mtambo wa kutisha unaoandika hukumu juu ya mwili wa mhukumiwa. Lakini kinachosumbua zaidi ni afisa anayeueleza mtambo huo kwa mapenzi, kama fundi anayejivunia kazi ya mikono yake. Mpe mfumo wako mtu anayeupenda kwa dhati, halafu umwache aongee.

Kwa hiyo msimulizi wetu ni Mfunguzi mwenyewe. Ni mwanamke wa makamo, mchapakazi, anayeyajua majina ya watoto wote wa mtaa. Ni mtu mwema, na wema wake ndio utakaoibeba hadithi.

Hatua ya 5: Tumia sarufi kama silaha

Kiswahili kina zana ambazo waandishi wa distopia wanapaswa kuzishukuru. Ya kwanza ni "hu-" ya mazoea. "Milango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri." Sentensi hiyo haina mwanzo wala mwisho wa wakati, ni kana kwamba imekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Tumia "hu-" kujenga utaratibu katika aya za mwanzo, kisha uvunje ghafla kwa wakati uliopita: "Jumanne mlango wa 17 haukufunguliwa." Mabadiliko hayo madogo yanamshtua msomaji kuliko kelele zozote.

Ya pili ni kauli ya kutendwa. "Namba ilitolewa." "Iliamuliwa." "Imeelekezwa." Kila tangazo la ofisi hujificha humo, kwa sababu mtendaji anatoweka. Katika hadithi ya kawaida ningekushauri uiepuke. Hapa ni sauti halisi ya mamlaka. Itumie kwa wakubwa peke yao. Wahusika wadogo waongee kwa kauli ya kutenda, ili ionekane wazi nani anafanya kazi na nani anatoa amri bila jina.

Ya tatu ni "sisi". Kuna hadithi zinazofaa kusimuliwa na mtaa mzima kwa sauti moja: "tulimpenda", "tulimsihi", "hatukumwona tena". Mtu mmoja akisema uongo anashukiwa. Wengi wakiusema kwa upole, msomaji anajikuta amekaa nao.

Hatua ya 6: Yape mabaya majina ya upole

Usiite ofisi yako Wizara ya Mateso. Mfumo wenye akili huchagua maneno ya kubembeleza. Katika mji wetu, Mfunguzi hupokea karatasi yenye namba ya mlango ambao hautafunguliwa. Jambo hilo linaitwa kupumzisha. "Mlango wa 17 umepumzishwa." Hakuna anayesema mtu amefungiwa, wala amehukumiwa. Ni mlango tu, nao umepumzika.

Neno moja la namna hiyo linatosha. Wapo waandishi wanaojaza hadithi maneno mapya yenye herufi kubwa, msomaji akahitaji kamusi. Chagua kitenzi cha kila siku, kipe kazi mpya, kitumie mara ya kwanza bila maelezo, na mara ya pili katika hali inayofanya maana iwe wazi.

Hatua ya 7: Amua lini utaifichua sheria

Njia ni mbili. Kurt Vonnegut, katika Harrison Bergeron ya mwaka 1961, anaitoa sheria katika sentensi za kwanza kabisa: mwaka ni 2081, na hatimaye kila mtu yuko sawa na mwenzake. Msomaji anajua, na mvuto unatokana na kutaka kuona usawa huo unatekelezwaje. Jackson anafanya kinyume: anaficha hadi mwisho, na mvuto unatokana na wasiwasi usio na jina.

Kuficha kunaonekana kitamu, lakini kuna hatari. Hadithi inayotegemea ufichuo pekee husomwa mara moja. Ya Jackson inasomeka tena na tena kwa sababu dalili zote zilikuwa wazi tangu mwanzo, zikiwemo zile lundo za mawe. Kama huna uhakika, changanya: fichua sheria kubwa mapema, ficha tokeo lake moja baya. Nasi tutafanya hivyo. Vitasa tunavitaja katika aya ya kwanza. Maana ya kupumzisha tunaiacha hadi katikati.

Hatua ya 8: Andika tukio lenyewe

Rasimu dhaifu ingesema hivi: "Serikali katili ilikuwa imewageuza raia wote kuwa wafungwa katika nyumba zao. Kila mtu aliishi kwa hofu kuu. Siku moja mzee mmoja asiye na hatia aliachwa afe ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia." Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichoonekana. Mwandishi amemwambia msomaji ahisi nini, na msomaji anayeagizwa hisia huzikataa.

Sasa mwache Mfunguzi asimulie:

"Mlango wa 16 ulifunguka vizuri. Mama wa humo alitoka na ndoo, akaniuliza kama mguu wangu umepona. Nikamwambia unaendelea. Nilipofika wa 17 nilihamishia taa mkono wa kulia. Ndani nilisikia kiti kikivutwa, halafu hatua, halafu kimya cha mtu aliyesimama nyuma ya mlango akiwa ameshavaa viatu. Siku zote mimi ndiye humwamkia mzee kwanza. Leo aliniwahi. 'Mfunguzi, umeamkaje?' Sikuitika, kwa kuwa mlango uliopumzishwa hauitikiwi. Nikafungua wa 18. Watoto wawili wakatoka mbio. Mdogo akasimama mbele ya wa 17, akanitazama, kisha akakumbuka, akawakimbilia wenzake."

Tazama kinachofanya kazi humo. Mguu unaouma unamfanya Mfunguzi kuwa mtu kama sisi, na swali la jirani linatuonyesha kwamba mtaa huu una upendo wa kweli. Taa inahamishwa mkono bila sababu kutajwa. Mkono ule ungeshika kitasa. Mzee ameshavaa viatu, maana yake bado anatumaini. Ameamkia kwanza, yeye mkubwa kwa mdogo wake, maana yake ameshaelewa. Halafu yule mtoto. Amekumbuka nini? Ina maana amefundishwa, na kama amefundishwa, hii si mara ya kwanza. Neno hilo moja, "akakumbuka", linabeba historia nzima ya mji ambayo hatutaiandika.

Hivyo ndivyo ninavyokushauri ufanye: katika kila aya tafuta kitendo kimoja kidogo cha mkono, mguu au jicho kitakachosema kile ambacho msimulizi hawezi kukubali kukisema.

Hatua ya 9: Pima giza

Damu, kama ipo, ionekane mara moja na kwa ufupi. Ukirudia mateso ukurasa baada ya ukurasa, msomaji anajenga gamba. Weka pia jambo moja lenye joto: wimbo, utani wa majirani, watu wawili wanaopendana kupitia dirisha la upana wa kiganja. Na usichukue maafa halisi ya watu walio hai ukayafanya pambo la hadithi ili tu ionekane nzito. Wenye maumivu hayo watakutambua mara moja.

Hatua ya 10: Malizia pasipofariji

Miisho mitatu inaukaribia mfano wetu. Wa kwanza: siku moja Mfunguzi naye anapumzishwa. Msomaji ameshautabiri, na akiufikia anashusha pumzi, kwa sababu haki imetendeka. Wa pili: anaufungua mlango wa 17 na kukuta chumba kitupu. Huo ni mzaha wa mwandishi, haujibu chochote. Wa tatu: mwezi unaofuata Mfunguzi anabadilisha njia yake ili asipite mbele ya ule mlango, anagundua kwamba njia mpya ni fupi, anamaliza mtaa mapema, na anasifiwa kwa juhudi. Ningeuchagua wa tatu bila kusita. Hakuna adhabu, hakuna toba, na msomaji anabaki na hamu ya haki ambayo hakuna wa kumtimizia.

Hii haina maana kwamba matumaini ni marufuku. Speech Sounds inaishia na watoto wanaoweza kuzungumza, na mwisho huo umestahiliwa kwa sababu hadithi imelipa gharama yake kwanza. Ursula K. Le Guin, katika The Ones Who Walk Away from Omelas ya mwaka 1973, anatuonyesha mji wa furaha unaotegemea mateso ya mtoto mmoja, na watu wachache wanaoamua kuondoka. Hatuambiwi wanakwenda wapi. Jambo zito zaidi ni kwamba mwanzoni mwandishi anamwomba msomaji aongeze kwenye mji huo chochote anachoona kitaupendeza. Msomaji anachangia kuujenga, kisha ndipo anaonyeshwa yule mtoto. Kama unatafuta mbinu ya kujifunza kwa muda mrefu, jifunze hiyo.

Kinachokatazwa kabisa ni "kumbe ilikuwa ndoto". Hapo umemrudishia msomaji kila ulichomtoza.

Hatua ya 11: Kata, soma kwa sauti, wape watu

Rasimu ya kwanza ikikamilika, iache siku kadhaa. Ukirudi, jaribu kufuta aya mbili za mwanzo. Mara nyingi hadithi huanza kwenye ya tatu, na zilizotangulia zilikuwa za kukupasha moto wewe mwandishi. Kisha tafuta maneno haya na uyaondoe: kutisha, katili, giza, huzuni, ghafla, cha ajabu. Yakibaki mahali popote, tukio la hapo halijaonekana vya kutosha. Urefu wa maneno 1500 hadi 3000 unatosha kwa sheria moja na mhusika mmoja.

Soma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulimi unajikwaa pale ambapo sentensi haikutoka katika Kiswahili. Mazungumzo ya wahusika ndiyo yatakayokuumbua kwanza: kama watu wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua, futa.

Mwisho, wape wasomaji watatu wasiokuonea haya. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize maswali mawili: uliielewa sheria ukiwa sehemu gani, na ungekuwa Mfunguzi ungefanya nini? Wakilijibu la kwanza kwa kutaja mahali tofauti kabisa, ufichuo wako una ukungu. Rudi Hatua ya 7. Wakilijibu la pili wote kwa haraka kwamba wangekataa kazi hiyo, mfumo wako ni mbaya kupita kiasi na faida zake hazikuonekana. Rudi Hatua ya 3 na uongeze uzito upande wa wema wake. Akitokea hata mmoja anayeanza kujibu, akasita, akauliza kama mzee wa mlango wa 17 alikuwa amefanya kosa gani, rekebisha tahajia na uitume.